Karanga za Serikali

Karanga ni mmea wenye haya. Ua lake huchanua juu, lakini likishachavushwa hutoa kijiti chembamba kinachoinama, kikatoboa ardhi, na punje zikakulia gizani. Kwa hiyo udongo wake lazima uwe laini mara mbili: siku kijiti kinapoingia na siku mkulima anapong'oa. Ukigeuka jiwe wakati wa mavuno, utabaki na majani mkononi na karanga zako chini. Mwanafunzi wa kilimo hufundishwa haya mwaka wa kwanza. Mama wa Kigogo anayelima robo ekari nyuma ya nyumba yake hakuhitaji kufundishwa.

Nimefanya kazi ya ubwana shamba Dodoma na baadaye mikoa ya kusini mpaka nilipostaafu, na vijana wa kazini walikuwa wakipenda kuniuliza: Mzee, Waingereza walikosaje kwenye mradi wa karanga wa Kongwa, na maprofesa wao wote wale? Jibu lililozoeleka ni kwamba hawakujua. Mimi silikubali. Walikuwa na watu waliojua, na kwa yale wasiyoyajua, kulikuwa na njia rahisi ya kuyajua. Kilichokosekana ni mtu ambaye neno lake la "hapana" lingeweza kusimamisha trekta.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita na haina mafuta ya kupikia. Margarini ilitolewa kwa mgao. Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, akapeleka serikalini wazo la kulima karanga kwa mashine huku Tanganyika, shamba juu ya shamba, mpaka upungufu uishe. Hapa tusipite haraka. Kampuni hiyo ilinunua karanga Afrika Magharibi miaka mingi. Soko ililijua, mtaji ilikuwa nao, na mafuta iliyahitaji. Hata hivyo haikutaka kutia fedha zake katika jambo hilo. Ilisema kazi ni kubwa mno kwa kampuni, inafaa ifanywe na serikali. Kijijini kwetu mtu akikuletea biashara anayoisifu hivyo, halafu akakuomba wewe ndiye utoe pesa, ungemtazama mara mbili.

Serikali ya Clement Attlee ilimtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, pamoja na mtu wa mashamba makubwa, David Martin, na mtu wa fedha, John Rosa. Walizunguka wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege. Septemba mwaka huohuo taarifa ilikuwa mezani: mashamba 107, kila moja ekari 30,000, ambayo 80 yangekuwa Tanganyika na mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Jumla ekari milioni 3.21, kwa gharama ya karibu pauni milioni 24. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaubeba mpango huo kama wake.

Sina ugomvi na ndoto kubwa. Ugomvi wangu ni na jambo moja tu ambalo mtu wa kazi yetu hawezi kulisamehe: hapakuwa na shamba la majaribio. Mbegu mpya ya mtama, kitu kidogo cha kujaa kiganjani, sisi tunaipanda vijishamba msimu baada ya msimu, mahali pa mvua na mahali pa ukame, ndipo tunamwambia mkulima ajaribu pembeni ya shamba lake. Huku mamilioni ya ekari yalianza moja kwa moja. Walipoulizwa walisema njaa ya mafuta haisubiri. Na wakachagua kuanzia Kongwa, katika nchi ya Wagogo huku Dodoma, kwa kuwa kutoka angani palionekana wazi, hapana watu wengi wa kuhamisha.

Ukiona sehemu ya Ugogo iko wazi, uliza kwa nini iko wazi. Mvua ya kwetu ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba, na Februari mara nyingi hukatika ghafla mazao yakiwa magotini. Wazee waliishi na kumbukumbu ya Mtunya, njaa ya 1917 mpaka 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua chakula, ng'ombe na wapagazi. Watu wa nchi kama hiyo hawaweki kila kitu mahali pamoja. Wanalima uwele na mtama, kashamba hapa mbugani na kengine kule kwenye mteremko, ili mvua ikikosea huku ipatie kule. Akiba yao inatembea kwa miguu minne. Karanga wanalima, ndiyo, lakini kidogo, na wanaozilima sana ni wanawake. Udogo wa shamba hilo ulikuwa ni elimu ya karne kadhaa. Wakuu wa mradi waliuona kama uvivu wa jembe la mkono.

Basi mashine zikaja. Dunia nzima ilikuwa inagombania matrekta, kwa hiyo yalinunuliwa makuukuu ya vita, mengine kutoka Ufilipino, yakashushwa bandari ya Dar es Salaam ambayo haikuwa tayari kwa mzigo wa namna hiyo. Vickers-Armstrongs walichukua vifaru vya Sherman wakavigeuza matrekta na kuyaita Shervick. Kwenye vichaka walifunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya mashine mbili, zikienda sambamba unang'oa kila kilicho katikati. Vichaka vya juu viliondoka. Chini kulikuwa na mizizi iliyosukana, na ndani ya udongo mwekundu mchanga mkali uliotafuna majembe ya plau. Mibuyu nayo ilikuwa na nyuki, na nyuki wa Ugogo hawaheshimu mkataba wa mtu yeyote. Mvua ikisha, udongo ule ukaoka juani ukawa kama sakafu ya saruji, na karanga zikiwa chini yake.

Lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa ni kama 7,500.

Soma tena namba hizo mbili, kisha fikiri ingekuwaje kama shamba ni la mtu binafsi. Benki ingemwita mwezi huohuo. Mke wake angemwita kabla ya benki. Mradi wa serikali hauna benki ya kuuita. Una bunge lenye wapinzani, na waziri anayejua kwamba kukiri mbele ya wapinzani ni kushindwa. Kwa hiyo kushindwa kwa mwaka wa kwanza kulijibiwa kwa kuongeza. Mwaka 1948 mradi ukakabidhiwa shirika jipya la umma, Overseas Food Corporation, chini ya Leslie Plummer. Karanga zikasaidiwa na alizeti. Ukame wa 1949 ukazichoma zote mbili. Wakaguzi wa hesabu waliandika wazi kwamba vitabu vya shirika havikutunzwa ipasavyo. Mwishoni mwa mwaka huo Wakefield na Rosa waliondolewa kwenye bodi, na Januari 1951 serikali ikatangaza kuacha, ikafuta deni la zaidi ya pauni milioni 36. Mlipa kodi wa Uingereza alilipa. Mgogo aliyekuwa amezoea kuchunga ng'ombe pale alibaki na ardhi iliyokwaruzwa udongo wake wa juu, na Kongwa ambayo bei za vitu sokoni zilikuwa zimepanda kwa fedha za wageni kisha zikaachwa hewani.

Wafanyakazi wa Kiafrika, kwa kweli, walikuwa wameshatoa maoni yao mapema. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda na reli mpaka Kongwa. Mshahara haukulingana na bei. Ni moja ya mara chache katika hadithi hii ambapo mtu wa chini alikuwa na namna ya kusema hapana na ikasikika.

Wakati haya yakitokea, karanga zilikuwepo. Zilikuwa Kano, kaskazini mwa Nigeria, zimepangwa kwenye magunia kama mapiramidi, zinasubiri mabehewa, kwa kuwa reli haikuwa na vichwa vya treni vya kutosha kuzipeleka bandarini. Na karanga hizo zina historia inayonifurahisha kila nikiisimulia. Waingereza walipofikisha reli Kano mwaka 1911 walitaka pamba, kwa ajili ya viwanda vya Lancashire. Kulikuwa na chama kizima cha kuhimiza pamba. Wakulima wa Kihausa walitazama bei, wakatazama chakula chao, wakaona karanga ina faida zaidi, na isiponunuliwa italiwa. Wafanyabiashara wa Kihausa wakapita vijijini na fedha za awali, chumvi na nguo. Ndani ya misimu michache treni zilizojengwa kwa matumaini ya pamba zikawa zinabeba karanga. Hapakuwa na waraka wa serikali wala katapila. Mwaka 1946 fedha za mabehewa na vichwa vya treni vya Nigeria zingeleta mafuta mengi London kuliko Kongwa yote, na hilo wakosoaji wa mradi walilisema waziwazi baadaye. Lakini ukinunua behewa huwezi kupigwa picha ukiwa umegeuza pori kuwa bustani.

Msomaji asinielewe vibaya. Nimekula mshahara wa serikali maisha yangu yote na siamini kwamba soko likiachwa litafanya utafiti wa mbegu ya maskini. Ukiriguru, karibu na Mwanza, kituo cha utafiti cha serikali ya kikoloni kilizalisha mbegu za pamba zinazohimili wadudu wafyonzao majani, na Wasukuma wakazichukua kwa mikono miwili. Katika miaka ya 1950 pamba yao iliongezeka kwa namna ambayo mradi wa karanga uliota tu, na vyama vyao vya ushirika chini ya akina Paul Bomani vikawa na nguvu za kujadili mizani na bei. Angalia walichokifanya hasa. Mbegu ya mtaalamu waliipokea. Amri za mtaalamu yuleyule za kulima matuta na kupunguza ng'ombe walizikataa mpaka zikafutwa. Waluguru walikataa matuta ya ngazi mwaka 1955, na mtu akauawa. Utafiti ulifaa pale mkulima alipobaki na ruhusa ya kuuacha mlangoni.

Sasa niende kusini, kwa kuwa huko ndiko nilikojifunza kwamba ugonjwa huu wa kutosikia hapana haukupanda meli na Waingereza kurudi kwao.

Mradi wa karanga ulikuwa na mkono wa pili Nachingwea. Kwa ajili yake ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara na reli mpya kuja bara. Karanga hazikutosha kujaza mabehewa. Mapema miaka ya 1960 reli ikafungwa, ikang'olewa. Bandari imebaki, nayo ni nzuri, na siwezi kukataa kwamba bila upumbavu ule isingekuwepo wakati ule. Kongwa na Nachingwea baadaye zikawa makambi ya wapigania uhuru. FRELIMO, ANC na SWAPO walifanya mazoezi Kongwa kuanzia 1964. Pori lililosafishwa kwa ajili ya margarini ya Uingereza likatumika kufundisha vijana waliokwenda kuwatoa wakoloni. Hesabu hiyo haimo kwenye vitabu vya wakaguzi.

Baada ya uhuru ungetarajia tumekoma. Serikali yetu ilianza na makazi ya wakulima yenye matrekta na mameneja, kwa ushauri wa Benki ya Dunia, na mwaka 1966 ikasitisha kwa sababu ya gharama. Operesheni Dodoma ya 1971 iliwakusanya Wagogo, watu wa vishamba vilivyotawanyika kwa akili, ikawaweka pamoja. Novemba 1973 Rais wetu, Mwalimu Nyerere, alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Nia yake ya shule, maji na zahanati naiheshimu mpaka leo, na nimewaona watu waliosoma kwa sababu ya vijiji vile. Lakini mkorosho hausikii tangazo la redio.

Mwaka 1973/74 Tanzania ilikusanya korosho kama tani 145,000, nyingi kutoka Mtwara na Lindi, mikorosho iliyopandwa na watu wenyewe kwa mikono yao. Kisha familia zikahamishwa, miti ikabaki mwendo wa saa kadhaa kutoka nyumba mpya. Nyasi zikaota chini yake, moto ukapita. Bei ikapangwa na mamlaka moja ya korosho kwa nchi nzima, na sehemu inayomfikia mkulima ikapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, vilevile vilivyokuwa sauti ya mkulima, vikavunjwa. Serikali ikajenga kwa mikopo viwanda zaidi ya kumi vya kubangua, vikubwa kuliko korosho zilizokuwepo. Vingine havikufunguliwa kabisa. Juu ya hayo ukaja ubwiriunga, ukungu mweupe unaopaka maua mpaka yanakauka. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000.

Nani alisema hapana? Wakulima, kwa njia pekee waliyobakiwa nayo: hawakupalilia. Takwimu za ofisini ziliita hali hiyo ukosefu wa mwamko. Nilikaa katika vikao ambapo mtu aliyewahi kupalilia mkorosho hakuwepo hata mmoja, na tukaandika maazimio ya kuwahamasisha waliokuwa shambani. Mtaalamu aliyesema bei ni ndogo aliambiwa bei si taaluma yake.

Kilichookoa zao hilo kilitoka pande mbili kwa pamoja, na ndiyo maana huwa sielewani na marafiki zangu wa soko huria wala wale wa enzi za Ujamaa. Watafiti wa Naliendele, kituo cha serikali nje kidogo ya Mtwara, walithibitisha kwamba unga wa salfa ukipulizwa kwa wakati unazuia ubwiriunga. Na mapema miaka ya 1990 biashara ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja, mkulima akaona sababu ya kununua salfa. Kimoja bila kingine kisingetosha. Mwishoni mwa muongo ule mavuno yalipita tani 100,000.

Soko lenyewe halikuwa malaika. Kusini kuna kitu kinaitwa kangomba: njaa inapoingia, mwenye fedha anakupa hela au unga na unamlipa korosho msimu ukifika, kwa bei anayoitaka yeye. Serikali iliipiga vita kangomba kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hukabidhi mazao ghalani na kupewa risiti, na nia yake ilikuwa nzuri. Novemba 2018 ikaenda mbali zaidi. Wanunuzi walipotoa bei ndogo, Rais Magufuli aliagiza serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaingia Mtwara kuzibeba. Wakulima walishangilia, na mimi ningekuwa na gunia ningeshangilia pia. Halafu ukaja uhakiki wa nani ana shamba kweli na nani ni mtu wa kangomba, na malipo ya wengi yakasubiri uhakiki huo. Kila mara serikali inapomwondoa mnunuzi mbaya, huwa inasahau kwamba sasa imebaki peke yake, na aliye peke yake hana wa kumharakisha.

Nimerudi Kongwa kuishi. Sehemu ya ardhi ya mradi ni ranchi, ng'ombe wanalisha. Alizeti, iliyowashinda Overseas Food Corporation wakiwa na vifaru, imejaa Dodoma na Singida katika vishamba vya ekari mbili tatu, na imesukumwa sana na mashine ndogo za kukamulia. Moja ya mkono, ya kusukuma kwa mtaimbo, ilibuniwa Arusha katikati ya miaka ya 1980 na fundi Mmarekani, Carl Bielenberg. Mtu angeweza kuinunua, ikaharibika, akaitengeneza kwa mchomeleaji wa mtaani.

Na ndani ya wilaya yetu, kando ya barabara ya Morogoro, kuna Kibaigwa. Baada ya biashara ya nafaka kufunguliwa, watu walianza kumwaga mahindi barabarani pale, mengi kutoka Kiteto, na malori yakasimama. Baadaye ndipo serikali ikajenga soko la kimataifa palepale ambapo biashara ilikuwa imeshajipanga. Sijifanyi kwamba mahindi hayo ni safi: Kiteto wakulima na wafugaji wamepigana hadi kuuana kwa ajili ya ardhi, na hilo ni jambo ambalo soko halikulitatua wala halikujaribu. Lakini bei inayosomwa Kibaigwa asubuhi ina macho mengi nyuma yake, ya madereva, ya wenye mashine za kusaga, ya Wakenya waliopigiwa simu na dada zao usiku.

Hata hivyo mwaka 2011 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje, na mwaka 2017 ikazuia tena, ikisema anayetaka kuuza nje auze unga. Bei ikashuka kwa mkulima. Wenye mitaji wakatafuta mashine za kusaga na vibali. Wasio na mitaji waliuza kwa wenye mitaji.